Jino Lipi, Upande Gani, kwa Sekunde Ngapi

Ukisema mbele za watu kwamba meno yako yanaingia ganzi, mazungumzo yanakimbilia kwenye dawa ya meno. Huyu anaitaja ya kwake, yule anasema hiyo haifai kitu, wa tatu anamjua mtu aliyepona kwa kusukutua maji ya chumvi. Mimi nikiulizwa natumia dawa gani, huwa narudisha maswali matatu: ni jino lipi, ni upande gani wa hilo jino, na maumivu yanakaa sekunde ngapi? Najua yanakera. Mtu aliyetoka kupigwa na maji ya baridi, bado kashika shavu, hana hamu ya kuhojiwa. Lakini ganzi ya meno si ugonjwa unaojitegemea. Ni taarifa kwamba kuna sehemu ya jino iliyokuwa imefunikwa na sasa iko wazi, na sehemu yenyewe, ukiitazama vizuri, mara nyingi inakutajia aliyeifunua.

Hilo nililielewa nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, taa usoni. Nilikuwa na hakika nitaambiwa napiga mswaki kwa nguvu, maana ndivyo wanavyoambiwa wengi, na mara nyingi ni kweli. Daktari hakusema chochote. Alichukua kile kibomba kinachopuliza hewa, akayaziba meno ya jirani kwa vidole, akaanza kupuliza jino moja moja akianzia magego ya nyuma. Kila akipuliza ananitazama machoni, wala hasubiri nijibu. Magego, kimya. Chonge, kimya. Alipokigeuza kibomba na kupuliza meno ya mbele ya juu kwa upande wa ndani, ule unaotazamana na ulimi, nikajikuta nimeikamata mikono ya kiti. Akanipa kioo cha mkononi, akaweka kile kioo chake kidogo nyuma ya meno, nikaona sehemu ambayo mtu haioni hivi hivi: weupe umeondoka, kuna manjano laini yanayong'aa, kibonde katikati, na ncha za meno zimekuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

"Asubuhi ukiamka, mdomo unakuwa mchachu?" akauliza.

Ulikuwa mchachu, karibu kila siku, na kiungulia nacho kilikuwa mwenzangu wa usiku.

Basi jibu likawa limepatikana kabla hajataja dawa yoyote. Mswaki hauchimbi kibonde mahali pale. Tindikali ya tumbo inapopanda mtu akiwa amelala hupita juu ya ulimi na kutua nyuma ya meno ya mbele ya juu, huku ulimi wenyewe ukiyakinga ya chini. Tindikali hiyo ina pH ya 1 hadi 2 hivi; pH ni kipimo cha uchachu, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Enameli, lile ganda gumu la nje, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 au karibu na hapo, na tabaka lililo chini yake huanza mapema zaidi, pH ikiwa bado kwenye 6 na ushei. Na hesabu ya pH si ya kutoa na kujumlisha. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo kutoka 5.5 hadi 1.5 ukali umeongezeka mara 10,000. Dawa ya meno ingekuwa inaziba asubuhi kitu kinachofunuliwa tena usiku.

Sasa, kilichofunuliwa ni nini hasa? Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Haina uhai ndani yake. Haina mishipa, haina seli, haihisi chochote, na ikishaondoka hairudi. Kwenye vilele vya magego inaweza kufika unene wa milimita 2 na nusu, lakini kadiri inavyoteremka kuelekea fizi inakonda, mpaka kwenye shingo ya jino inaisha kabisa. Chini ya hapo mzizi umevikwa ganda jingine, la sementi, jembamba mno, halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ganda hilo halikukusudiwa kukutana na mswaki. Mlinzi wake ni fizi, na fizi ikirudi nyuma kidogo tu, linakwanguka haraka.

Chini ya yote hayo kuna dentini, na dentini ndiyo yenye maneno. Ukiiweka chini ya hadubini ina matundu kama chekeche. Kila tundu ni mdomo wa kijirija kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye kiini cha jino, mahali penye damu na mishipa ya fahamu. Upana wake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 1 hadi 2 na kitu, na kwenye milimita moja tu ya mraba vimo makumi ya maelfu. Ndani yake mna majimaji.

Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini dentini inauma kiasi kile ilhali mishipa ya fahamu haifiki mpaka juu. Maelezo yanayokubalika zaidi leo yalijengwa na Martin Brännström, mtafiti wa meno wa Uswidi, katika miaka ya 1960. Alionyesha kwamba kinachosafiri ni yale majimaji. Ukinywa kitu cha baridi, majimaji yanavutwa kwenda nje. Ukivuta hewa kwa mdomo, yanakauka juu na kuvutwa vilevile. Sukari iliyokolea nayo inayanyonya. Msukosuko huo ndani ya virija unagusa ncha za mishipa iliyo karibu na kiini, na wewe unahisi kisu. Moto huyasukuma kwenda ndani, mwendo ambao mishipa hiyo haiujali sana, na ndiyo maana wenye ganzi ya kawaida hulalamikia barafu zaidi kuliko chai.

Hapo kuna hesabu inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Meno yenye ganzi yalipochunguzwa, dentini yake ilionekana kuwa na virija vilivyo wazi vingi zaidi, karibu mara 8, na vipana karibu mara mbili. Mara mbili si nyingi, utasema. Lakini maji yanayopita kwenye mrija huongezeka kwa upana uliozidishwa wenyewe mara nne: mrija ukipanuka mara mbili, yanayopita yanakuwa mara 16. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na fizi zilizorudi nyuma sawasawa, mmoja anatafuna barafu na mwenzake anakunywa maji kwa kuyazungusha upande mmoja wa mdomo.

Turudi kwenye swali la jino lipi na upande gani. Kama ganzi iko upande wa shavuni, kwenye shingo ya jino pale linapokutana na fizi, na hasa kwenye chonge na magego madogo yanayoifuata, mshukiwa wa kwanza ni mkono wako. Meno hayo yamesimama kwenye kona ya taya, na mswaki unapopinda pale ndipo unapokandamiza. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, upande wa kushoto mara nyingi ndio unaoumia zaidi. Wenye tatizo hili wengi ni watu safi, wanaopiga mswaki kwa bidii, wengine baada ya kila mlo, kwa mswaki mgumu kwa sababu mlaini "hausafishi". Unasafisha. Ukoga ni utando laini, hauhitaji nguvu. Kinachohitaji nguvu ni ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa jiwe, na huo hautoki kwa mswaki hata ufanye nini, unatolewa kwa vifaa vya daktari.

Ganzi ikiwa shingoni lakini fizi zimevimba, ni nyekundu na zinatoka damu, kesi ni nyingine. Hapo ni ugonjwa wa fizi, na mkono uko pengine mzembe badala ya kuwa mkali. Mtu akiambiwa tu apunguze nguvu anazidi kuharibu. Na hapa kuna mtego: sehemu inayouma mtu huikwepa na mswaki, ukoga unajazana, fizi inavimba, inarudi nyuma zaidi, mzizi unazidi kuwa wazi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sehemu inayouma ipigwe mswaki kila siku, kwa ulaini, na kama maji ya bomba yanaumiza, tumia ya uvuguvugu.

Ikiwa ni sehemu za kutafunia, zimekuwa bapa, na ukiamka taya limechoka kana kwamba umefanya kazi usiku kucha, basi umeifanya kweli: unasaga meno usingizini. Mara nyingi anayejua ni anayelala chumba kimoja na wewe. Dawa ya meno haina la kufanya hapo. Kuna kinga ya plastiki inayotengenezwa kwa umbo la meno yako, unaivaa usiku, inasagwa yenyewe.

Na ikiwa ni jino moja tu, limeanza ghafla, wakati mengine yote ni mazima, usikimbilie kuita ganzi. Linaweza kuwa limetoboka mahali usipopaona, au jino lililozibwa zamani limeanza kupitisha chini ya kizibo, au lina ufa. Ufa una tabia yake ya kipekee: unauma ukitafuna, na mara nyingi unachoma zaidi pale unapoachia kuliko pale unapouma. Nimewahi kusikia mtu akilieleza hilo kwa usahihi kabisa mbele ya wenzake na wote wakamshauri dawa ya meno ya kuondoa ganzi.

Swali la sekunde ndilo lenye uzito kuliko yote. Ganzi ya dentini ni kali lakini fupi. Inakuja na kichocheo, inaondoka nacho. Ukimeza maji ya baridi na maumivu yakabaki nusu dakika au zaidi, au yakawa yanapwita, au yanakuja yenyewe bila kuguswa, au yanakuamsha usiku, au joto ndilo linalouma zaidi na kung'ang'ania, huko tumeshatoka kwenye virija. Kiini chenyewe kimewaka. Hilo ni la daktari, wiki hii, si la kujaribia tyubu nyingine.

Sasa niseme kuhusu dawa za meno, maana nisiposema nitaonekana ninazidharau, na sizidharau. Za ganzi ziko za aina mbili kwa kazi. Aina ya kwanza inaituliza mishipa. Kiungo chake kikuu ni nitrati ya potasiamu, kwa kawaida asilimia 5. Potasiamu inapenya kwenye virija na kujikusanya karibu na ncha za mishipa, na mishipa inakuwa mizito kushtuka. Hii inataka subira, kwa sababu inajengeka polepole: wiki mbili hadi nne za kutumia mara mbili kwa siku, bila kurukaruka. Anayeitumia siku tatu na kuitupa hajaijaribu.

Aina ya pili inaziba virija. Sensodyne ilipoingia sokoni mwaka 1961 ilitegemea kloridi ya strontiamu kwa kazi hiyo. Siku hizi utakuta stanasi floraidi, arginini pamoja na chokaa ya kalsiamu, au unga laini wa kioo chenye kalsiamu na fosfati, ambao ukikutana na mate unaacha madini kwenye midomo ya virija. Stanasi floraidi ina sifa ya ziada ya kupambana na vijidudu vya ukoga, ila kwa wengine inaacha madoa kwenye meno, madoa ya juu tu, yanayosuguliwa na daktari. Kwa hiyo soma nyuma ya boksi uone kiungo tendaji ni kipi. Kama umetumia ya kutuliza kwa mwezi mzima na hakuna kitu, kubadilisha jina la kampuni huku kiungo kikiwa kile kile ni kununua boksi jipya. Jaribu ya kuziba.

Iwe ipi, iwe na floraidi ya kutosha, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni kwa mtu mzima, na ukimaliza tema tu. Usisuuze. Hili watu wanalipinga kwa sababu mdomo wenye povu unatukera, lakini ukisuuza kwa maji mengi umeiondoa dawa kabla haijakaa. Wengine huchukua kidogo kwenye ncha ya kidole na kupaka kwenye sehemu inayouma kabla ya kulala, kisha wanaiacha hapo. Sioni ubaya, na kwangu ilisaidia, baada ya tumbo kutulia.

Baada ya tumbo kutulia, narudia. Kizibo cha dawa kwenye kirija ni kitu dhaifu, na adui yake mkubwa ni tindikali. Soda, juisi za matunda ya uchachu, limau, siki na vinywaji vya kuongeza nguvu mara nyingi viko chini ya pH 4. Wingi si hoja kubwa kama namna ya kunywa. Mtu anayekunywa glasi moja ya soda na chakula akamaliza amewapa mate nafasi ya kusawazisha mambo. Anayeibeba chupa hiyo hiyo mchana kutwa, funda moja kila baada ya dakika chache, anayaogesha meno kwenye tindikali kutwa nzima. Maji ya limau ya asubuhi yamo humo humo, hata kama yanasifiwa kwa mambo mengine. Ukiyapenda, yanywe kwa mkupuo, au kwa mrija, kisha fuatisha maji ya kawaida.

Halafu kuna suala la saa ya kupiga mswaki. Uso wa jino uliotoka kuguswa na tindikali umelainika, na mswaki ukipita hapo unaondoka nao. Madaktari wengi hushauri kungoja nusu saa hadi saa moja. Mimi naona njia rahisi zaidi ni kupiga mswaki kabla ya kifungua kinywa badala ya baada, basi hakuna cha kungojea. Aliyetapika, na wajawazito wanalijua hili kuliko wote, asikimbilie mswaki ingawa ndicho anachotamani. Asuuze kwa maji, asubiri. Na kwa wenye kiungulia cha usiku ushauri wa madaktari ni ule ule: usile saa mbili tatu kabla ya kulala, inua upande wa kichwani wa kitanda, na kama hali inajirudia kila wiki, nenda ukatibiwe tumbo. Meno yatakuwa ya pili kunufaika.

Mate nayo yanasahaulika. Ndiyo yanayopunguza makali ya tindikali na kurudisha kalsiamu na fosfati kwenye jino. Dawa nyingi za mzio, za shinikizo la damu na za sonona hukausha mdomo, na mtu anaweza kuanza kupata ganzi miezi kadhaa baada ya kuandikiwa dawa ambayo wala haihusiani na meno. Daktari wa meno atajie dawa zako zote, hata asipouliza.

Kung'arisha meno sina mengi ya kusema. Peroksaidi, kemikali inayong'arisha, inapenya hadi ndani na ganzi inayofuata ni ya kawaida, inaisha siku chache baada ya kuacha. Unga wa mkaa na wenzake ni jambo jingine: hao wanakwangua, na weupe unaouona jioni unaweza kuwa enameli uliyoilipa. Mwenye ganzi asiviguse.

Dawa ya nyumbani isipotosha, kiti cha daktari kina ngazi zake, na ni haki yako kuuliza mko ngazi ya ngapi. Ya kwanza kwa kawaida ni kupaka vanishi ya floraidi, yenye sehemu 22,600 kwa milioni, zaidi ya mara 15 ya dawa ya meno ya kawaida. Ni dakika chache tu, na meno yanakaa na rangi iliyofifia siku nzima. Kisha kuna vimiminika vya kugundisha vinavyoziba virija, halafu kujazia pale palipochimbika kwa kizibo cha rangi ya jino. Fizi iliyorudi nyuma haioti tena yenyewe, lakini inaweza kupandikizwa kwa nyama iliyochukuliwa paani mwa kinywa. Kutibu mzizi, yaani kuondoa kiini chote, ni ngazi ya mwisho kabisa, ya jino ambalo limekataa yote au ambalo kiini chake kimeharibika. Ukipendekezewa hilo siku ya kwanza kwa ganzi inayodumu sekunde mbili, omba maelezo, na ikibidi tafuta daktari wa pili.

Kabla ya kwenda, andika. Jino lipi, upande gani, nini kinachochochea, sekunde ngapi, lini ilianza, na kama kuna kitu kilibadilika karibu na wakati huo: dawa mpya, mimba, meno kusafishwa, kinywaji ulichokizoea. Mtu aliyesafishwa ugaga juzi na sasa anasikia ganzi ana maelezo tayari, itapungua ndani ya wiki moja au mbili. Na siku ya miadi, ukiweza kuvumilia, usimeze dawa ya maumivu asubuhi. Daktari atataka kupuliza lile jino, na anahitaji lijibu.